Wa Mwisho Kwenye Ukungu

Mtu wa pwani akikuambia anajua kuendesha baiskeli, usimbishie, lakini muulize kwanza ameendesha wapi. Huseni na wenzake walitoka Mombasa na sifa tele. Walikuwa wamezunguka Nyali na Mtwapa, wakaenda Kilifi na kurudi, na picha walikuwa nazo kwenye simu, wamesimama na baiskeli zao mbele ya bahari, miwani ya jua usoni. Basi walipofika Nyeri mwezi wa Julai na kuulizwa kama wangependa njia fupi ya kuzunguka mji au ile ndefu ya kupitia msituni, Huseni alicheka. Akasema hawakuvuka bara lote lile kuja kuzunguka mji.

Murugi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza, alitabasamu tu. Alikuwa ameona wengi wa aina hiyo. Njia ndefu ilitoka Nyeri, ikapita Kiganjo, ikaingia msitu wa Mlima Kenya, kisha ikateremka hadi Karatina. Siku ya pili ilizidi kushuka, Sagana, Kagio, mpaka mashamba ya mpunga ya Wang'uru, ambako mtu wa pwani hulipata tena joto lake na kujiona mzima. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Ilikuwa pia njia iliyomuua mume wake.

Hilo hakuwaambia wageni. Mgeni huja kuona mandhari, haji matangani. Biashara ile waliianzisha pamoja, Murugi akitangulia mbele kuonyesha njia, na Mwaniki, mume wake, akifuata nyuma kabisa ili asiachwe mtu. Mwaka juzi, katika ukungu wa Julai kama huu huu, Mwaniki alirudi juu kumtafuta mgeni aliyechelewa, na lori la mbao likamkuta kwenye kona. Yule mgeni alirudi kwao salama. Mwaniki alizikwa nyumbani kwa mama yake, pembeni mwa kahawa. Watu walidhani Murugi angeuza baiskeli zote akafungue duka la mboga. Hakuuza. Kuvunjika kwa koleo, alisema, si mwisho wa uhunzi, na akamwajiri Theuri, fundi wa baiskeli wa pale sokoni, mtu mzima mpole mwenye kupenda kula, ashike ile nafasi ya nyuma.

Kitu kimoja tu ndicho alichobadilisha. Enzi za Mwaniki hawakuwahi kuhesabu wageni, na hawakuona haja. Baada ya kumzika, Murugi alianza kuhesabu. Kila geti, kila daraja, kila kona mbaya, alisimama kando ya barabara na kuwahesabu wakipita mbele yake, kwa sauti, kidole kikiwafuata. Alikuwa ameapa kwamba hatampoteza mtu mwingine kwenye njia ile, na hakuona kinga kubwa kuliko hesabu.

Mama mkwe wake hakuipenda tabia hiyo hata kidogo. Mama Mwaniki alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha kichwani na Biblia iliyochakaa, lakini yako mambo ambayo kanisa liliyakuta na kuyaacha palepale. Watu hawahesabiwi. Hata mbuzi, kwa wazee wa kwao, hawakuhesabiwa. Mchungaji aliwatazama wakiingia zizini, akajua nani hayupo. Asubuhi ile wageni walikuwa wakinywa chai uani kwake, maana baiskeli zililala kwake. Alimsikia Murugi akihesabu, wageni wanne na Theuri, tano, akaliweka birika chini.

"Nimekuambia mara ngapi?" alisema kwa Kikuyu, wageni wasielewe. "Ukitaka kuwajua watu wako, watazame nyuso."

"Maitu, mama yangu, mtu akipotea polisi wataniuliza idadi. Hawataniuliza nyuso."

Mama mkwe aliliinua tena birika, akaendelea kuwamiminia wageni chai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema waliotutangulia, lakini Murugi alikuwa na miguu mizuri sana, yenye misuli, na alikuwa na haraka.

Wageni wenyewe walikuwa hivi. Huseni muuza vipuri, mwenye maneno mengi. Mkewe Mwanasiti, ambaye alikuwa na pumzi kumshinda mumewe na kwa heshima alilificha jambo hilo. Mukhtar, rafiki yao, ambaye mnyororo wa baiskeli yake ulichomoka kila alipobadilisha gia. Na Raudha, mdogo wake Mwanasiti, binti mkimya aliyekuwa amevaa soksi mbili mbili na bado anatetemeka. Kabla hawajaondoka, Mwanasiti alimvuta Murugi pembeni.

"Huyu Raudha, mama amenikabidhi mkononi," alisema. "Nikirudi Mombasa bila yeye, sina pa kwenda mimi."

Aliyasema hayo akicheka, lakini mkono wa Murugi hakuuachilia upesi.

"Tutarudi naye," Murugi akasema. "Mimi sijui kuacha mtu."

Mpaka Kiganjo jua lilikuwepo. Huseni alikuwa mbele, akiimba. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea msituni aliacha kuimba, na ilipozidi kupanda aliacha kuongea, na mkewe akampita polepole akimwambia, "Kawia ufike, bwana." Adhuhuri walifika geti la juu la msitu. Hapo ndipo ukungu ulipowakuta. Haukuja kwa kishindo. Ulitoka tu katikati ya miti, ukavuka barabara, ukakaa.

Murugi aligawa makoti ya mvua. Yalikuwa ya rangi ya kijani iliyokolea, yote ya aina moja, yenye kofia kubwa inayofunika hadi nyusi, kwa sababu alikuwa ameyanunua kwa jumla. Wageni walipoyavaa, ikawa hata Huseni na mkewe ni vigumu kuwatofautisha kwa mbali.

"Mnafuatana," aliwaambia. "Mtu asipite mwenzake. Mimi niko mbele, Theuri ako nyuma. Ukipata shida simama kando ya barabara, usitoke hapo. Na giza isitukute huku, kuna ndovu."

"Ndovu?" Mukhtar akauliza.

"Ni yao, hii barabara. Sisi tunaiomba tu mchana."

Wakaanza kuteremka. Msitu wa Julai hauna ndege wa kuimba. Kuna matone yanayodondoka kutoka kwenye majani, na matairi yakilowa, na ile sauti ya gurudumu la nyuma mtu anapoacha kukanyaga, trrr, kama mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Murugi aliijua sauti ya kila baiskeli yake. Ya Theuri ilikuwa nzito kwa sababu hakuwahi kuipaka mafuta; fundi hatengenezi chake.

Kwenye daraja la mbao alisimama, akageuka, akanyoosha kidole. Walimpita mmoja mmoja, vichwa chini, makofia yakidondosha maji.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Kisha akapita mwingine.

"Sita," mdomo ukasema, kabla akili haijauzuia.

Alibaki na kidole hewani. Halafu akajicheka. Kuna mmoja alikuwa amemhesabu mara mbili, ndiyo kazi ya ukungu hiyo. Akawafuata mbio, akawapita mmoja baada ya mwingine akiwachungulia: Theuri anatafuna ndizi, Raudha, Mukhtar, Mwanasiti, Huseni. Hakuna aliyezidi. Aliwauliza kama wako sawa, wakasema wako sawa. Lakini nywele za kisogoni zilikuwa zimemsimama na hazikulala tena, na alikasirika, kwa sababu hakupenda kuogopa kitu asichoweza kukitaja.

Baada ya daraja ndipo mteremko mkubwa ulipoanza. Ile kona ya Mwaniki iko katikati yake. Murugi hupita pale bila kutazama pembeni, na hata siku hiyo hakutazama. Ukungu ulikuwa umekuwa mzito kiasi kwamba usukani wake mwenyewe aliuona kwa shida. Nyuma yake alisikia breki zikilia, kisha mnyororo wa Mukhtar ukichomoka, kisha Theuri akimwambia asijali. Kisha hakusikia kitu.

Alifika geti la chini, akasimama, akangoja. Walichelewa. Akapuliza filimbi. Mwishowe wakaanza kutokea kwenye ukungu.

"Moja. Mbili. Tatu." Pengo kidogo. "Nne."

Halafu pengo refu. Alikaza macho kwenye barabara nyeupe isiyo na mtu, akawa anaomba bila maneno. Na hapo akaja wa tano.

Alikuja bila haraka, ameinama, koti likimfunika. Alipofika kwenye mpindo wa geti alitoa goti la kushoto nje ili kukata kona, kama mtu anayesukuma mlango kwa goti mikono ikiwa na mizigo. Trrr, ikasema gurudumu lake, laini, lililopakwa mafuta vizuri. Hakugeuza uso. Akampita Murugi, akaingia kwenye ukungu upande wa pili.

"Tano," Murugi akasema.

Moyo wake ulitulia. Tuseme ukweli, haukutulia tu, ulifurahi. Kwenye dunia hii alikuwa amemjua mtu mmoja tu aliyekata kona kwa goti la kushoto. Angeweza kuita. Angeweza kukimbia amshike bega. Lakini idadi ilikuwa imetimia, na kutimia kwake kulikuwa kutamu, na mtu mwenye njaa akipewa chakula gizani hawashi taa kuuliza ni nini. Akajiambia ni Theuri. Akapanda baiskeli, akafuata.

Nje ya msitu, mashamba ya chai yalipoanza, ukungu ulikoma. Hapo kuna kibanda cha chai cha mama mmoja ambaye huwakaangia wageni mandazi. Murugi alifika akakuta baiskeli zimeegemezwa ukutani. Huseni alikuwa amekwisha kukaa, viatu amevua. Mwanasiti alikuwa akikamua kitambaa chake kilicholowa. Mukhtar alikuwa na mikono myeusi kwa grisi, na Theuri alikuwa na andazi kila mkono.

Hakuhesabu. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mume wake, alitazama nyuso.

"Raudha ako wapi?" akauliza.

"Si yuko nawe?" Mwanasiti akasema.

Theuri aliacha kutafuna. "Lakini ulibaki na yeye," alisema. "Pale kwa kona. Mimi nilikuwa nasaidia huyu na chain yake, Raudha akatupita, halafu tukampata mbele amesimama. Wewe ulikuwa umesimama na yeye. Ukanionyesha na mkono nipite."

"Mimi nilikuwa mbele, Theuri."

"Nilikuona na koti."

"Nilikuwa mbele. Pale getini, nani alikuwa nyuma yako?"

Theuri akafikiri, na jinsi alivyofikiri ndivyo uso ulivyomlegea. "Nyuma yangu hakukuwa na mtu," alisema. "Mimi ndio nilikuwa wa mwisho."

Mwanasiti hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye benchi, akafunika mdomo kwa kile kitambaa kilicholowa, macho yamemtoka yakimwangalia Murugi. Kelele ingekuwa afadhali. Huseni, ambaye alikuwa na maneno kwa kila jambo, alianza kuvaa viatu.

Murugi alimpigia simu askari wa msitu anayemfahamu. Alikuwa upande wa pili wa mlima na gari. Angekuja, alisema, lakini asingefika kabla ya giza. Alikuwa hajairudisha simu mfukoni ilipolia tena. Ni mama mkwe, ambaye kila safari hupiga saa ya chai kuuliza kama wamefika.

"Mmefika?"

Murugi alitaka kusema ndiyo. Badala yake akasogea nyuma ya kibanda na kumwambia yote, yule wa sita darajani na yule wa tano getini, na jinsi alivyokata kona kwa goti. Alisikia kuku wa pale nyumbani.

"Lilikuwa la kushoto?" mama mkwe akauliza.

"La kushoto, Maitu."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti ya mvua, kama zile za wengine."

"Na chini ya koti? Alikuwa na sweta?"

"Sikuona."

"Yeye husikia baridi sana," mama mkwe akasema, kwa sauti ambayo Murugi hakuwa ameisikia tangu siku ya mazishi. Kisha akajikusanya. "Sasa nisikilize. Ukihesabu watu unawawekea viti, na kiti hakina jina. Yeyote anayepita anaweza kukikalia. Mwanangu hana ubaya, hakuwa nao hata akiwa mtoto. Lakini akikalia kiti cha mtu, mwenyewe atakaa wapi?"

"Nifanye nini?"

"Rudi juu. Usihesabu tena. Ukimpata mtoto wa watu, waite majina, mmoja mmoja, kila mtu aitike. Unayemwita ndiye anayeshuka." Akavuta pumzi. "Na uite wale wa kuitwa tu, Murugi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema umenielewa."

"Nimekuelewa, Maitu."

Simu ikakatika. Murugi hakujua ni mtandao au ni mkono wa mama.

Huseni alitaka kwenda. Murugi alimkatalia kwa ukali ambao hakujua anao. Akamwambia wakae watatu pamoja, mtu asitoke kwenda hata chooni peke yake. Kisha yeye na Theuri wakapanda tena kuelekea msituni. Mwanasiti aliwafuata hadi ukingo wa mashamba ya chai, akasimama hapo akisoma dua kwa midomo tu.

Kupanda ule mteremko ni kazi hata mtu akiwa na moyo mwepesi. Walisukuma baiskeli zaidi ya walivyoziendesha. Theuri, ambaye kwa kawaida hupiga domo njia nzima, alikuwa akisema Baba Yetu kwa Kikuyu, na akifika mwisho anaanza tena. Ukungu ulikuwa umegeuka rangi, kutoka weupe ukaingia kwenye kijivu. Mahali fulani chini ya bonde mti ulivunjika kwa kishindo, na wote wawili walijua ni mnyama gani huvunja mti namna hiyo.

Murugi alikuwa na hofu, lakini hofu haikuwa peke yake, na hilo ndilo lililomtesa. Chini ya hofu alikuwa na hamu. Alikuwa amelala peke yake miaka miwili mizima. Alikuwa amejifunza kufungua mkebe wa grisi mwenyewe, kubishana na wenye magari mwenyewe, kula ugali wa mtu mmoja. Sasa anapanda kwenda mahali ambapo huenda yuko, na miguu yake, amsamehe Mungu, ilikuwa ikienda mbio kuliko inavyokwenda kumtafuta mgeni.

Kabla ya ile kona walisikia sauti. Ilikuwa ya Raudha. Alikuwa anaongea na mtu, kwa utulivu, na akacheka kidogo.

"Raudha?" Murugi akaita.

"Abee, dada! Niko hapa!"

Alikuwa ameketi kwenye gogo kando ya barabara, koti limemfika magotini, baiskeli yake imesimamishwa vizuri mbele yake. Hakuwa na jeraha. Hakuwa hata akilia. Murugi alimshika mabega, akamshika mashavu, akamkumbatia kwa nguvu mpaka binti akashangaa.

"Tairi lilipasuka," Raudha akasema. "Nlidhani mmenitupa. Lakini yule bwana wenu akakaa nami. Kisha akashuka kwanza kutazama kama nyote mmefika getini, halafu akarudi. Ndiye alonitengezea tairi."

"Bwana gani?" Theuri akauliza, ingawa hakutaka jibu.

"Huyu..." Raudha akageuka. Kando ya gogo hapakuwa na mtu. "Alikuwa hapa sasa hivi. Alinambia nisikae karibu na barabara, malori hayaoni watu kwenye hii kona."

Murugi aliinama akaligusa lile tairi. Lilikuwa gumu, limejaa upepo. Kifuniko cha vali kilikuwa kimefungwa vizuri, kamba ya mizigo imezungushwa na fundo limeingizwa ndani ili lisikamate kwenye gurudumu. Hakuna aliyefunga hivyo isipokuwa mmoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mvua ilikuwa imemlowesha uso kitambo na hakuna ambaye angejua.

"Tupange mstari," alisema.

Wakasimama, Raudha katikati, Theuri nyuma yake, na Murugi mbele, wote wakitazama chini kuelekea nyumbani. Na hapo, nyuma yao, juu kidogo kwenye ile kona, wakasikia trrr. Laini. Ikasimama.

Theuri alifumba macho. Murugi ndiye aliyegeuka. Ukungu haukuwa umefunguka, lakini alimwona jinsi mtu anavyoona umbo la mtu mlangoni nyuma ya pazia. Alikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mikono miwili kwenye usukani, kofia ya koti imeshuka usoni. Alikuwa akingoja. Hakuwa na haraka; mwenye kukaa nyuma hana haraka, hungoja wote waondoke ndipo naye aondoke.

"Raudha," Murugi akaita.

"Abee."

"Theuri."

"Niko," Theuri akajibu, kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi.

Kilibaki kiti kimoja cha kushuka, na waliobaki walikuwa wawili, yeye mwenyewe na yule wa nyuma.

Yule aliye kwenye kona aliinua kichwa. Alikiinua kama mtoto wa shule anayejua jina linalofuata ni lake. Na jina lilikuwepo, limejaa mdomoni mwa Murugi, jina alilokuwa akiliita kila asubuhi dirishani, chai iko tayari, jina ambalo hata mama mkwe analibeba mpaka leo kwa kuwa ndilo lake pia. Ilikuwa ni kulitamka tu. Angeshuka. Mama yake angempa sweta. Na Murugi angebaki hapa, kando ya gogo, bila baridi yoyote labda, bila hesabu ya kufanya, na si kwamba wazo hilo lilimtisha. Lilimvutia. Lilimvutia kuliko kitu chochote alichokuwa amekitaka tangu afiwe, na kwa muda aliokaa kimya Raudha alianza kumwangalia.

Kisha akafikiria kitu kidogo tu. Alimfikiria Mwaniki akifika kule chini kwenye kibanda, akiwatazama wote nyuso, mmoja mmoja kama alivyozoea, na kuona nani hayupo. Angegeuza baiskeli palepale. Angerudi juu. Hakujua kufanya lingine.

"Murugi," akaita, kwa nguvu, jina lake mwenyewe. Na akaitika. "Niko."

Kwenye kona, kofia ile iliinama polepole. Mguu uliokuwa chini haukupanda kwenye pedali. Ukungu ukapita mbele yake, na ulipopita, barabara ilikuwa barabara tu.

"Twendeni," Murugi akasema. "Breki zote mbili, na msiangalie nyuma."

Lakini Raudha alikuwa mgeni, na mgeni hajui miiko ya watu. Alikuwa amekwisha kugeuka.

"Dada," alisema, "na yule bwana? Mbona hukumwita?"

Murugi alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali.

"Huyo alishafika," alisema. "Ni sisi ndio bado."